Maradhi ya Kudumu na Bima ya Umma Katika Pwani ya Kusini

Mtu akitaka kuujua uzito wa jambo la bima ya afya katika nchi hii ya Kenya, asianzie wodi ya upasuaji wala chumba cha mahututi, bali aketi siku moja ya kliniki ya presha na sukari katika hospitali yoyote ya Pwani ya kusini, iwe Msambweni, Kinango au Kwale mjini, awatazame waliotoka Vanga, Shimoni, Lunga Lunga, Mwereni na Ndavaya kabla ya adhana ya alfajiri, kila mmoja na daftari lake la kliniki ndani ya mfuko wa plastiki. Hawa si wagonjwa wa kulazwa. Aghalabu huja kwa miguu yao, hupimwa, huandikiwa vidonge, hurejea makwao. Na mwezi ukiandama hutakiwa waje tena, na unaofuata tena, hata mwisho wa umri wao, kwa kuwa maradhi yao hayana siku ya kupona. Rai yangu ni kwamba bima yetu ya umma, ile ya zamani na hii mpya, iliundwa kwa ajili ya maradhi yenye mwanzo na mwisho, na kwamba mgonjwa wa shamba mwenye maradhi ya kudumu hushindwa na masurufu madogo ya kila mwezi kabla hajafikia zile gharama kubwa ambazo bima hujigamba kuzilipia.

Kwa miongo mingi eneo hili la Kwale lilijulikana kwa mabingwa wa tiba kwa sababu ya malaria, kichocho, matende na minyoo. Vijiji vya Msambweni vimepimwa mikojo na damu na wataalamu wa Marekani na wa Japani, pamoja na Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, mara nyingi kuliko vijiji vingi vya bara hili. Zahanati zikajengwa na wauguzi wakafunzwa kwa ajili ya maradhi hayo, na kwa ajili ya mama mjamzito na mtoto wa chanjo. Presha na sukari zilihesabiwa kuwa maradhi ya matajiri wa mjini. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015, uliofuata utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, ukaja kubainisha kwamba takriban robo ya watu wazima wa Kenya wana presha ya juu, kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawajapata kupimwa presha hata mara moja, na kwamba wasiopata kupimwa sukari wanakaribia tisa katika kila kumi. Kwa hiyo mgonjwa tunayemwona kliniki ni mmoja katika wengi, na wengi hao hawajui kwamba ni wagonjwa mpaka siku mkono mmoja uwe mzito na mdomo uende upande; na hata hapo, wapo watakaosema amepigwa na shetani, wampeleke kwa mganga kwanza.

Wala tusidhani kwamba maradhi ya kudumu ni ya wazee pekee. Seli mundu ni maradhi ya watoto, na Pwani yetu imebahatika vibaya kuwa nayo kwa wingi, kwa kuwa damu iliyorithiwa kwa mzazi mmoja humkinga mtoto na malaria kali ilhali iliyorithiwa kwa wazazi wawili humtesa maisha yake yote. Kifafa nacho, ambacho wengi hukihusisha na nyuni au na husuda ya mtu, hutulizwa aghalabu kwa kidonge cha bei nafuu sana, ila kidonge hicho lazima kimezwe leo, kesho na kesho kutwa, na kukikatisha kwa ghafla kwaweza kuleta degedege kubwa kuliko lile la mwanzo.

Sasa tuitazame bima yenyewe. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Hospitali, NHIF, uliasisiwa mwaka 1966 kwa ajili ya watu wa mshahara, na kazi yake ilikuwa kulipia kitanda. Mwananchi wa kawaida alitibiwa bure katika vituo vya serikali hadi Desemba 1989, ulipoletwa utaratibu wa kuchangia gharama. Mwaka 2004 mchango wa zahanati ukashushwa kuwa Sh10 na wa kituo cha afya Sh20, na Juni 2013 ukafutwa kabisa katika ngazi hizo mbili. Mwaka huohuo hospitali na zahanati zikakabidhiwa serikali za kaunti. Ni mwaka 2015 tu ambapo NHIF ilianza kuwalipia wanachama wake wote, pamoja na mvuvi na mkulima aliyejiandikisha kwa Sh500 kwa mwezi, matibabu ya nje, yasiyohitaji kulazwa. Karibu nusu karne, basi, bima ya taifa haikumtambua mgonjwa wa kliniki. Haikuwa dhuluma ya makusudi. Hata bima ya kwanza ya Ujerumani, ya mwaka 1883, ilitungwa kwa ajili ya mfanyakazi wa kiwandani ambaye ujira wake ungeweza kukatwa kabla haujamfikia mkononi, na waliofuata waliurithi mtindo huo bila ya kujiuliza kama Gazi au Kikoneni kuna kiwanda.

Sheria mpya ya Bima ya Afya ya Jamii ilitiwa saini Oktoba 2023. Mahakama Kuu ikaibatilisha Julai 2024, Mahakama ya Rufani ikaisimamisha hukumu hiyo, na tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikashika mahali pa NHIF. Chini yake ipo mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa afya ya msingi, unaojazwa na kodi, nao hulipia huduma za zahanati na kituo cha afya kwa kila aliyejisajili, awe amelipa au hajalipa. Wa pili ndio bima hasa, unaojazwa na michango: asilimia 2.75 ya mshahara kwa mwenye mshahara, na kwa asiye na mshahara, kiasi kinachokisiwa kwa kuitazama hali ya nyumba yake, kisichopungua Sh300 kwa mwezi, nacho hutakiwa kilipwe kwa mwaka mzima kwa pamoja. Wa tatu ni wa dharura na maradhi sugu, ambao kwa maradhi sugu huanza kulipa pale fungu la mfuko wa pili linapomalizika.

Utaratibu huu, ukiusoma karatasini, una insafu kuliko ule uliotangulia, na asiyekiri hivyo anasema kwa chuki. Lakini tumfuate mgonjwa mmoja wa kukisia, mwanamke wa makamo wa Mwabungo au wa Majoreni, mwenye presha na sukari kwa pamoja, mjane, mwenye kuuza viazi vya karai barabarani. Amejisajili, hajalipa mchango wa mwaka. Zahanati ya kijijini itampokea bure. Itampima ikiwa mashine ni nzima. Lakini vidonge vyake mara nyingi rafuni havimo, kwa kuwa zahanati imezoea kuagiza dawa za malaria, za kuharisha na za homa, na hata inapoagiza vya presha, kaunti huwa ina deni kwa Mamlaka ya Ugavi wa Dawa, KEMSA, na shehena huchelewa au huja nusu. Atapewa barua aende hospitali kubwa. Huko dawa zaweza kuwapo, lakini huko mfuko wa kwanza haumfuati. Huko hutakiwa ule wa pili, ambao hajaulipia. Baina ya zahanati iliyo bure isiyo na dawa na hospitali yenye dawa isiyo bure, ndipo anapoanguka. Na huyo ndiye mgonjwa wa kawaida wa Kwale.

Wauguzi wanaijua lugha ya kuanguka huko. Muuguzi huuliza, "Bibi, vidonge ulimeza lini mara ya mwisho?" na bibi hujibu, "Mwanangu, vilikwisha kabla ya mfungo, nikaona sijambo, nikaacha." Neno hilo la kuona sijambo ndilo lenye kuua. Presha haiumi. Mtu hupima siha yake kwa maumivu, na asipoumwa, yale mapeni yaliyokuwa ya nauli ya boda boda hadi barabarani na ya matatu hadi Msambweni huyatoa kwa unga na kwa karo ya mjukuu, na hapana mwenye haki ya kumlaumu. Anayetoka kisiwa cha Wasini huongeza na nauli ya mashua. Ongeza tena siku nzima ya kazi iliyopotea, ya kwake na ya mtoto aliyemsindikiza, utaona kwamba hata kidonge cha bure si cha bure.

Mintarafu ya mchango wa mwaka, hapa ndipo watungaji wa utaratibu walipoonesha kwamba hawakuwahi kukaa pwani. Riziki ya Pwani ya kusini huja kwa misimu. Mvuvi wa Vanga, Shimoni au Gazi hupata kwa wingi katika kaskazi, bahari inapotulia. Kusi likivuma, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, mtumbwi mdogo haupiti mwamba, na aila hula akiba au deni. Diani nako, mpishi, mpagazi na mwenye kutembeza watalii huajiriwa Desemba hadi Machi, kisha mvua za masika zikianza huambiwa warudi nyumbani mpaka waitwe. Wakulima wa korosho na nazi wana msimu wao, na wafugaji wa Kinango hutegemea mvua ambayo haitegemeki. Hata uchimbaji madini wa Base Titanium, uliowapa vijana wa Msambweni mshahara wa mwezi tangu shehena ya kwanza ya mwaka 2014, ulifungwa mwisho wa mwaka 2024, na waliokuwa na makato ya mshahara wakarudi katika safu ya wasio na mshahara miezi michache tu baada ya SHA kuanza. Kumtaka mtu wa namna hii alipe mwaka mzima kwa mkupuo, tena pengine katikati ya kusi, ni kumtaka asilipe. Serikali yenyewe iliona hivyo, na mwaka 2025 ikaleta mkopo wa Lipa SHA Pole Pole, mtu akopeshwe mchango wa mwaka kisha alipe kidogo kidogo. Ni nafuu, lakini bado ni deni.

Na huko kukisia hali ya nyumba kuna vichekesho vyake. Muulizaji, au simu iliyowekwa mahali pa muulizaji, hutaka kujua nyumba imeezekwa kwa nini, maji hutoka wapi, choo ni cha namna gani, mifugo ni mingapi. Makuti yakiwa juu ya nyumba ya udongo ya Mbuwani ni alama ya ufukara, na yakiwa juu ya hoteli ya Diani ni alama ya fahari; minazi yaweza kuwa ya ukoo mzima wala si ya aliyeulizwa; na ardhi ambayo mtu amezaliwa juu yake na babu yake akazikwa chini yake yaweza kuwa na hati kwa jina la mtu asiyemjua. Mwenye kuifahamu Pwani hatashangaa kwamba makisio hutoka makubwa kwa maskini na madogo kwa mwenye nacho. Kadhalika ule utaratibu wa mwanzo wa kumtambua mgonjwa kwa nambari ya siri iliyotumwa kwenye simu: bibi alijisajili kwa simu ya mwanawe, na mwanawe yuko kazini Saudia, na nambari inaingia huko wakati bibi amesimama dirishani Msambweni. Baadaye zikaletwa alama za vidole, na vidole vya aliyelima na kukuna nazi miaka 60 huwa vimelika.

Lakini dosari za simu na vidole hutengenezeka. Dosari isiyotengenezeka kwa urahisi ni ya mizani ya fedha. Katika orodha ya malipo ya SHA, huduma ya nje ya afya ya msingi ilikadiriwa Sh900 kwa mtu mmoja kwa mwaka mzima. Kikao kimoja cha kusafisha damu kwa mashine, kwa aliyeharibikiwa na figo, kikawekewa Sh10,650, na mgonjwa huhitaji angalau vikao viwili kila wiki. Kikao kimoja, basi, ni zaidi ya fungu la mwaka la watu 11 wa zahanati. Na kitu kinachoharibu figo, kupita vingine vyote, ni hizohizo presha na sukari zilizokosa vidonge. Saratani, hapo mwanzo, ikatengewa hadi Sh400,000 kwa aila kutoka mfuko wa bima na Sh150,000 kutoka ule wa maradhi sugu. Hasha, sisemi wagonjwa wa figo na wa saratani wanyimwe. Nimewaona wanaouza ng'ombe na shamba ili waishi. Nasema kwamba hazina inayolipa vizuri mwishoni na vibaya mwanzoni ni sawa na nahodha asiyekalafati jahazi, akaweka fedha zake zote kwa ajili ya siku litakapozama.

Mbali na fedha, kuna jambo la chakula, ambalo wengi hulitaja haraka, kana kwamba mgonjwa hula chumvi kwa ukaidi. Ng'onda, yule samaki wa chumvi, ndiye kitoweo kinachokaa bila ya jokofu, na ndicho kinachofika Kinango kikiwa hakijaoza. Mwambie mtu aache, kisha umwoneshe mbadala wake. Ramadhani ndiyo yenye kuhitaji hadhari kubwa zaidi. Sheria ya dini imemruhusu mgonjwa kula na kutoa fidia, walakin wazee wengi huona haya kula mchana mbele ya wajukuu, hufunga kimya, hawamezi kitu hadi magharibi, kisha hufuturu kwa tende, uji wa sukari, tambi na mahamri, na sukari hupanda ghafla baada ya kushuka siku nzima. Tabibu aliye makini huanza kuzungumza nao Shaabani, apange upya dawa zao baina ya futari na daku, na awakataze kufunga wale wa sindano za insulini walio katika hatari. Na imamu akilisema jambo hili juu ya mimbari, huingia katika masikio yasiyofikiwa na bango la wizara. Kuhusu sindano zenyewe, wenye kuishi pasipo na umeme wana dalili njema: utafiti uliofanywa katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, na kutangazwa mwaka 2021, ulionesha kwamba insulini huhifadhika wiki nne katika joto linalopanda na kushuka baina ya nyuzi 25 na 37, kwa hiyo mtungi wa udongo wenye maji kivulini si ujinga wa vijijini.

Je, yupo aliyefaulu kumtunza mgonjwa wa kudumu aliye mbali na hospitali? Yupo, tena hapahapa. Tangu serikali ilipofuta malipo ya dawa za UKIMWI mwaka 2006, mgonjwa wa Lunga Lunga amekuwa akipewa dawa zake bila ya kuulizwa mchango, na miaka ya baadaye mara nyingi za miezi mitatu au zaidi kwa pamoja, faili lake likitunzwa, na akikosa kufika hupigiwa simu au hufuatwa nyumbani. Hapakuhitajika teknolojia ngeni wala hospitali mpya. Ilihitajika dawa iwepo, kila mara, karibu. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka Marekani, na mwaka 2025 zilipokatwa, vituo viliyumba. Hilo ni onyo kwa mwenye kutegemea mkono wa mbali, lakini halibatilishi yaliyothibitika. Vidonge vya kawaida vya presha na vya sukari ni rahisi kwa bei ya jumla, na waliofuata mwendo huo magharibi mwa nchi, katika mpango wa AMPATH wa Eldoret, walipeleka kliniki vijijini na kuwakusanya wagonjwa wa presha na sukari katika vikundi vya kuweka akiba, wapimwe siku ileile wanapokutana kwa fedha zao. Kwetu vyama vya akina mama na mweria wa kusaidiana vipo tangu zamani. Hapana haja ya kuvizua.

Majirani nao wana la kutufunza. Tanzania ilianza Mfuko wa Afya ya Jamii huko Igunga mwaka 1996, mchango mdogo kwa kaya. Wengi wa waliojiunga walifika kituoni wakakuta dawa hamna, mwaka uliofuata hawakulipa. Rwanda ilianza kwa majaribio mwaka 1999, ikagawa michango kwa matabaka, serikali ikawalipia walio chini kabisa, na leo walio wengi mno wamo ndani. Tofauti haikuwa hekima ya sheria, kwa maana sheria zote mbili ni nzuri. Ilikuwa kama aliyelipa aliona alicholipia.

Septemba 2023 Kenya iliwapeleka vijijini wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, kila mmoja na mkoba wenye mashine ya kupima presha na kipimo cha sukari. Hii ni neema, na Kwale wapo, wanapita nyumba kwa nyumba kuanzia Tiwi hata Samburu. Lakini anayepimwa mlangoni kwake akaambiwa presha iko juu, kisha asiwe na pa kuipata dawa kwa mwendo wa miguu, ameongezewa hofu tu. Nimesikia wahudumu wenyewe wakilalamika kwamba wanaona aibu kurudi nyumba ileile.

Kwa hiyo nasaha zangu kwa wakubwa wa kaunti na kwa SHA ni mbili. Kila zahanati ya Kwale iwe na vidonge vya presha, vya sukari na vya kifafa visivyokatika, vitolewe vya miezi mitatu kwa mgonjwa aliyetulia, na fungu la Sh900 liongezwe kwa ajili hiyo hata kama itapasa kupunguza mahali pengine. Na mchango wa bima ukubaliwe kwa msimu, kaskazi na Desemba, badala ya mkupuo wa mwaka. Kaunti iliyoweza kuwalipia watoto wake karo ya shule za kitaifa kwa mpango wa Elimu ni Sasa haiwezi kusema kwamba vidonge vya wazazi wao ni mzigo usiobebeka. Bajeti ya kaunti hujadiliwa mbele ya wananchi kila mwaka, na sheria imewapa haki ya kusema. Wenye wazazi waende na madaftari yao ya kliniki, waulize rafu ya zahanati yao ina nini.